Zamu ya Maji na Zamu ya Samaki: Habari za Uvuvi wa Nyumba ya Mungu



Katika mkutano wetu uliopita palizuka mabishano wakati wa chakula. Sisi tuliosoma mwanzoni mwa miaka ya 1970, Same ilipokuwa bado makao makuu ya Wilaya ya Pare, tulidai kwamba perege wa Nyumba ya Mungu walikuwa wakubwa na tele. Vijana wakasema hizo ni hadithi za wazee. Mhariri akanitwika mzigo wa kueleza, nami nautua hapa.

Ukuta wa bwawa ulikamilika mwishoni mwa mwaka 1965, mahali ambapo Mto Kikuletwa, uteremkao kutoka Meru na Kilimanjaro, hukutana na Mto Ruvu utokao Ziwa Jipe. Kutoka hapo maji huitwa Mto Pangani, nayo husafiri chini ya milima yetu hadi Bahari ya Hindi. Shabaha ilikuwa kuyadhibiti maji na kupata umeme. Kituo chake ni cha megawati 8. Samaki walikuja kama nyongeza tu.

Lakini nyongeza hiyo ilikuwa kubwa! Maji yalipofunika nyika, majani na samadi vilioza na kuwa chakula, na perege wakazaana ajabu. Wavuvi wakamiminika, wengine kutoka kanda za maziwa makubwa, wakajenga vijiji ufukoni. Mwaka 1970 zilivuliwa zaidi ya tani 28,000. Miaka michache baadaye mavuno yalikuwa yameporomoka hadi tani elfu chache. Kwa hiyo wazee hatukusema uongo, ila tuliyoyaona yalikuwa mavuno ya bwawa jipya. Rutuba ile ya mwanzo ilikwisha, lakini nyavu zilibaki, na matundu yake yakazidi kuwa madogo.

Hapa ndipo sheria inapoingia. Perege dume huchimba kiota kwenye mchanga wa maji mafupi. Jike hutaga humo, kisha huyachukua mayai kinywani na kuyalea humo mpaka vifaranga waweze kuogelea. Basi ukimvua jike mmoja mwenye mayai, umevua ukoo mzima. Na ukiburuta kokoro ufukoni, unavifukua viota pamoja na vifaranga. Ndiyo sababu sheria zetu za uvuvi, tangu ile ya mwaka 1970 hadi ya mwaka 2003, zinahusika na aina ya zana na ukubwa wa tundu, na kokoro, sumu na baruti vimepigwa marufuku. Sheria haikutungwa kumnyima maskini kitoweo.

Wenzetu wa Uskochi wana samaki aitwaye samoni, ambaye hukulia baharini na kurudi kuzaa katika mto aliozaliwa. Kwa kuwa safari yake inajulikana, kila mto hufungwa kwa kipindi maalumu kila mwaka, na Jumapili hakuna kumvua kabisa. Uingereza nako walijifunza kwa uchungu: katika Mto Thames samoni walitoweka miaka ya 1830 kwa sababu ya uchafu na vizuizi vya mtoni. Perege wetu hana msimu mmoja ulio wazi namna hiyo, kwani huweza kuzaa karibu mwaka mzima. Kwa hiyo kumlinda ni kazi ngumu zaidi, na huhitaji uangalizi wa kila siku.

Mwaka 2016 serikali ilisimamisha uvuvi bwawani kwa mwaka mmoja ili samaki wapumzike. Tusidharau gharama yake. Mvuvi aliyezoea kulisha watoto kwa mtumbwi alitakiwa kungoja. Mama muuza samaki wa kukaanga naye akakosa mtaji. Zaidi ya hayo, bwawa liko kati ya wilaya za Mwanga, Moshi na Simanjiro, yaani mikoa miwili ya Kilimanjaro na Manyara. Amri ya upande mmoja haifai kitu kama upande wa pili wamelala, maana samaki hajui mpaka.

Mimi naona dawa tunayo nyumbani. Huko milimani babu zetu walijenga ndiva za kukusanya maji ya vijito usiku, na asubuhi maji yakafunguliwa kupitia mifongo hadi mashambani, kila mtu kwa zamu yake. Ndiva ilipojaa tope, msaragambo uliitishwa, na asiyefika alitozwa. Hapakuhitajika askari kutoka mjini, kwa sababu mlinzi wa ndiva alikuwa jirani, na mwizi wa maji alijulikana kwa jina. Sheria ya mwaka 2003 imetoa nafasi kwa wavuvi wenyewe kuunda vikundi vya kulinda fukwe zao. Vikundi hivyo vikipewa nguvu na heshima waliyokuwa nayo wazee wa ndiva, zamu ya samaki itaheshimiwa kama zamu ya maji.

Ndugu zangu, wengi wetu ni wanasheria, walimu, maofisa na wafanyabiashara. Tukipita sokoni Same au Mwanga, tukatae kununua perege wachanga, hata kama ni rahisi. Mnunuzi wa samaki mchanga ndiye anayemnunulia mvuvi kokoro.