Kutoka Pembe ya Ndovu hadi Uhandisi wa Tishu

Katika makala haya tunakusudia kufuata historia ya elimu ya kutengeneza mwili wa binadamu kwa vitu vilivyobuniwa na mkono wa binadamu. Elimu hiyo leo ina matawi mengi, kama vile vipandikizi vya mwilini, nanoteknolojia na uhandisi wa tishu. Wengi hudhani ni mambo ya ugenini tu, yasiyotuhusu sisi tunaofundisha Kiswahili katika mji kama Bujumbura. Hata hivyo, miongoni mwa sura zake za mwanzo imo bidhaa waliyoijua sana wazee wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, nayo ni pembe ya ndovu.

Yafaa tukumbuke kwamba katika karne ya 19 Unguja ilikuwa soko kubwa mno la pembe. Misafara ilitoka Bagamoyo ikapita Tabora hadi Ujiji, ambako Burton na Speke, walipofika mwaka 1858, waliwakuta wafanyabiashara wa pwani. Rumaliza, yaani Muhammad bin Khalfan, alijaribu kuingia Burundi kwa nguvu, lakini majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo yalimzuia. Lugha haikuzuilika. Ilikaa kandokando ya ziwa, ikapata wasemaji zaidi Wajerumani walipojenga boma Usumbura mwishoni mwa miaka ya 1890, na hata leo mtaa wa Buyenzi unajulikana kwa Kiswahili chake. Usumbura ndiyo iliyoitwa Bujumbura nchi ilipopata uhuru mwaka 1962.

Pembe zilizobebwa mabegani mwa wapagazi, wengine wakiwa watumwa, zilinunuliwa Unguja na wafanyabiashara wa Ulaya na Marekani, wakiwamo wa Hamburg. Huko zikageuzwa vifungo vya piano, vipini vya visu na mipira ya biliadi. Mwaka 1890, mjini Berlin, daktari Themistocles Gluck aliipa pembe kazi nyingine: aliichonga ikawa maungio ya goti, akaiweka ndani ya mguu wa mgonjwa. Aliichagua kwa kuwa ni ngumu, huchongeka vizuri, na tabia yake inakaribiana na ya mfupa. Lakini magoti aliyoyatengeneza yalikuwa yameharibiwa na kifua kikuu cha mifupa. Vijidudu vilibaki, vidonda vikatunga usaha, na kazi ile ikashindwa. Funzo lililobaki ni kwamba haitoshi kitu kiwe imara. Lazima mwili ukubali kuishi nacho.

Funzo hilo ndilo lililoongoza watafiti waliofuata. Nchini Sweden, mwaka 1952, Per-Ingvar Brånemark aligundua kuwa madini ya titani hushikamana na mfupa ulio hai. Nchini Uingereza, mwaka 1962, John Charnley alianza kutumia plastiki ngumu katika nyonga bandia, akafanikiwa. Huko Burma, kuanzia miaka ya 1960, daktari San Baw alirudia pembe ya ndovu kwa nyonga zilizovunjika, akawatibu wagonjwa zaidi ya 300. Kisha mwaka 1993, Robert Langer na Joseph Vacanti wa Marekani waliandika makala mashuhuri kuhusu uhandisi wa tishu. Wazo lake si gumu. Hutengenezwa kiunzi chenye vitundu, seli hai hupandwa humo, nazo hukua na kujenga tishu huku kiunzi kikiyeyuka polepole, kama vile fundi aondoavyo jukwaa ukuta ukisimama.

Nanoteknolojia hushughulikia vitu vinavyopimwa kwa nanomita, yaani mita moja iliyogawanywa mara bilioni moja. Elimu hii imekwisha kuwa na watafiti wa kwetu. Dakta Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alipata mwaka 2015 tuzo ya Afrika ya chuo cha wahandisi cha Uingereza kwa chujio lake la maji linalounganisha mchanga na chembe za nano.

Bujumbura nayo imo katika safari hii, kwa kuwa ndiyo makao ya Kamisheni ya Utafiti wa Afya ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tena mwaka 2021 wakuu wa Jumuiya waliridhia Kiswahili kiwe lugha rasmi pamoja na Kiingereza na Kifaransa. Hapa ndipo kazi yetu inapoanza. Mgonjwa akiambiwa atawekewa "kiungo bandia", ataelewa nini? Kiungo ni mkono au mguu, na kiungo ni pale mifupa miwili inapokutana. Huyu atadhani anakatwa mguu, kumbe ni goti tu linalotengenezwa. Naye ndiye atakayetakiwa kutia sahihi. Asiyejua maana haambiwi maana.

Kwa hiyo twapendekeza walimu wenzetu watofautishe "maungio" na "kiungo", waliite "kipandikizi" kile kinachokaa ndani ya mwili, na wazizoeze "kiunzi", "seli" na "tishu" darasani, hata katika somo la insha. Zamani nchi zetu zilitoa pembe, zikapoteza ndovu na watu, na elimu iliyotokana na mali hiyo ikaandikwa kwa lugha za wengine. Safari hii tusitoe mali ghafi peke yake. Tutoe na maneno, ili mkazi wa Buyenzi aweze kumwuliza daktari wake swali, na akalielewa jibu.