Bustani za Kaskazi katika Nyua za Pwani

Ibn Battuta, msafiri wa Tanja, alipotua Mombasa mwaka 1331, alikuta kisiwa ambacho watu wake hawakuwa na kilimo cha nafaka, bali waliletewa kwa vyombo kutoka pwani, na chakula chao kikubwa kilikuwa ndizi na samaki. Akaitaja migomba na milimau, kisha akalisifia tunda mfano wa zeituni, lenye kokwa kama ya zeituni, ila utamu wake umezidi, na anayeijua zambarau hatalitafuta mbali. Huko Mogadishu alikotoka, alikuwa amekwisha kuandaliwa wali pamoja na achari ya ndimu na ya maembe, kitoweo ambacho hata leo hakikosekani katika sinia za nyumba zetu.

Habari za mabustani yenyewe tunazipata Kilwa, mwezi wa Julai 1505, Wareno wa Francisco de Almeida walipouteka mji na kuupora. Hans Mayr, aliyekuwamo safarini, aliandika juu ya viunga vilivyozungushiwa ua wa miti, ndani yake mkiwa na machungwa matamu, malimau, figili, vitunguu vidogo, mrehani, na mitambuu iliyopandishwa juu ya vijiti, na mboga hizo zikinyweshwa maji ya visima. Aliandika pia kwamba watumwa walikuwa wengi mjini na kwamba kazi yao ilikuwa mashambani, basi si vigumu kumjua aliyekuwa akiyateka maji hayo. Bustani ya namna ile ilikuwa rahisi kwa mwenyewe tu.

Bustani iliyo nyepesi kwa yule yule ailimaye ilikuja kwa njia nyingine, na ajabu ni kwamba mimea yake mingi ililetwa na hao hao Wareno kutoka Amerika: muhogo, mpapai, mpera, mstafeli, nanasi. Muhogo hauombi mbegu wala kitalu. Kipande cha mti huchomekwa ardhini mvua zikikaribia, nao hujitegemea, ukingoja chini ya udongo mpaka mwenyewe apate haja, na wakati wa kaskazi, mchicha ulioota kwa mvua ukiwa umekwisha kukauka, majani ya muhogo huchumwa, hutwangwa, yakapikwa kisamvu kwa tui la nazi. Mbaazi, iliyotoka Bara Hindi, ikishapandwa mara moja huweza kuzaa zaidi ya msimu mmoja.

Mahali pa bustani hii hapakuwa shambani, bali jaani na nyuma ya jiko. Maganda na mbegu zilizotupwa na mpishi ziliota zenyewe. Mboga ya maboga ilitambaa ikapanda juu ya makuti ya jiko, na boga likakomaa juu ya paa pasipo kuguswa. Mgomba ukawekwa pale yanapotokea maji ya kuogea, ukanywa masika na kiangazi. Mpapai ulioota peke yake uliachwa mpaka utoe maua: ukining'iniza mashada marefu ulijulikana kuwa dume, ukakatwa, na jike likabakishwa.

Wakubwa wa kikoloni waliyaona hayo wakayaita uvivu, kwa kuwa waliipima kazi kwa jembe tu. Nami naona hukumu ile haikuwa ya haki, maana kuujua mmea ustahimilio jua na kuupa mahali pake ni elimu, na elimu hiyo aghalabu ilikuwa ya wanawake.

Haikuwa, hata hivyo, riziki isiyo na mipaka. Unguja, katika mashamba ya mikarafuu, wenye mashamba waliwaruhusu wakaazi wasio na ardhi kupanda muhogo na mboga chini ya miti, lakini miti ya kudumu waliwazuia, kwa sababu mti ulikuwa mali ya aliyeupanda na ungeweza kuzusha dai. Hivyo mkaazi alikula kisamvu chake miaka mingi bila kupanda hata mwembe mmoja.

Nawe msomaji mwenye ua, hata uwe mdogo namna gani, usiyamwage barabarani maji ya kuoshea vyombo. Yaelekeze kwenye shina la mgomba, na mpapai uotao jaani usiung'oe kabla hujayaona maua yake.