Mpaka wa Sirari na Bei ya Mafuta

Nchi isiyo na kisima cha mafuta haichagui marafiki kwa kuwapenda tu. Huangalia pia nani atauza, nani atakopesha, na italipa kwa kitu gani. Sisi wa Tarime jambo hili tumelijua kwa miguu, maana Sirari ipo mlangoni petu, na Dar es Salaam ipo zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa.

Oktoba 1973 Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Israeli, kama zilivyofanya nchi nyingi za Afrika. Mshikamano huo na Waarabu haukutupunguzia makali: pipa lililouzwa takriban dola 3 lilikaribia dola 12 mwanzoni mwa 1974. Kiwanda cha TIPER kilikuwapo Kigamboni tangu 1966, lakini mafuta ghafi ya kusafishwa yalinunuliwa kwa fedha za kigeni, nazo zilitoka kwenye kahawa, pamba, katani na korosho. Hivyo mkulima wa kahawa wa Tarime alikuwa akilipia meli asiyoiona.

Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, Serikali ikafunga mpaka na Kenya. Haikuwa hasira tupu. Watalii walishukia Nairobi, wakaingia Serengeti kupitia Maasai Mara, wakarudi kulala Kenya. Sisi tukabaki na vumbi la magari yao. Njia ya Bologonja ilifungwa kwa watalii, na haijafunguliwa tena.

Lakini Wakurya wapo pande zote mbili za mpaka. Ukifunga barabara, hujafunga undugu. Bei ya kahawa ilikuwa imepanda duniani baada ya baridi kali ya Brazili ya 1975, na gunia lililovushwa usiku lilirudi likiwa sabuni, sukari na nguo. Serikali iliita magendo; mama mwenye watoto aliita riziki.

Msomaji, wote wawili walikuwa na hoja. Kila gunia lililovuka liliipunguzia nchi fedha za kununulia mafuta, hasa baada ya 1979, bei ilipopaa tena na vita vya Kagera vikala akiba. Lakini dola zile, hata zilipopatikana, hazikumfikishia mama yule sabuni. Aliyeombwa uaminifu hakupewa duka lenye bidhaa.

Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983, na mkataba wa Jumuiya mpya ukatiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Mafuta bado tunayanunua ng'ambo, na hatuna budi kuelewana na wenye visima. Ila wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Anayechagua mshirika wa nchi akiwa ofisini Dar es Salaam au Dodoma, na aulize kwanza kule Sirari sabuni itatoka wapi.