Gesi Bubu Iliyozipa Molekuli Sauti

Mwaka 1986 Richard Eisenberg na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walichapisha maelezo ya jambo lililowatatiza maabarani. Walikuwa wakiziongezea molekuli za alkaini haidrojeni kwa msaada wa kichocheo cha rodiamu, kisha wakitumbukiza bomba la kioo katika mashine ya NMR, ile inayosikiliza viini vya atomi vikiwa ndani ya sumaku kubwa. Kwa kawaida mashine hiyo huchora vilele vinavyoelekea juu. Safari hii vilele vilitoka vikubwa kupita kiasi, na vingine vilikuwa vimepinduka, vimezama chini ya mstari. Wakasema sababu ni radikali, yaani vipande vyenye elektroni isiyo na mwenza. Lilikuwa jibu la heshima, kwa kuwa vituko vya radikali vya namna hiyo vilijulikana tangu 1967. Lakini halikuwa jibu sahihi.

Siri ilikuwa kwenye baridi. Kabla ya kupimwa, sampuli zilikuwa zimehifadhiwa katika naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, na humo haidrojeni ikabadilika tabia.

Ili kuona kwa nini kilele kikubwa ni habari, ni lazima kujua unyonge wa NMR. Felix Bloch na Edward Purcell walioivumbua walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1952, na tangu hapo imekuwa mashine yenye akili nyingi na masikio hafifu. Kila protoni ni kisumaku kidogo. Ndani ya sumaku kubwa baadhi huelekea upande mmoja na nyingine upande wa pili, na kambi hizo mbili karibu zifutane kabisa. Hata kwenye sumaku ya tesla 9.4, katika kila protoni milioni moja kambi moja huizidi nyingine kwa 32 hivi. Mashine husikia hizo 32 tu. Ndiyo sababu MRI ya hospitali huonyesha maji na mafuta, vitu vilivyojaa mwilini, lakini haiwezi kukuonyesha kidonge ulichomeza asubuhi kimefika wapi.

Molekuli ya haidrojeni ina protoni mbili. Katika aina iitwayo othohaidrojeni spini zake, yaani vile visumaku vya protoni, hushirikiana. Katika parahaidrojeni hupingana hadi zikafutana, na NMR haisikii chochote. Kwenye joto la chumba para ni robo tu. Mwaka 1929 mjini Berlin, Karl Friedrich Bonhoeffer na Paul Harteck waliikutanisha haidrojeni na makaa kwenye baridi kali mno wakapata para karibu tupu, na ukiitenga na makaa hubaki hivyo muda mrefu hata ikipata joto. Katika baridi ya naitrojeni ya kimiminika huelekea nusu kwa nusu. Sampuli za Rochester zilikuwa zimeanza safari hiyo bila mtu kuzituma.

Walioijua siri kabla ya kuiona ni Russell Bowers na Daniel Weitekamp wa Caltech, mjini Pasadena. Mwaka huohuo wa 1986 walionyesha kwa hesabu kwamba mpangilio uliojificha ndani ya gesi hiyo bubu unaweza kutolewa nje: zitenganishe protoni zake mbili, uziweke mahali tofauti kwenye molekuli nyingine, na ule ulinganifu uliozinyamazisha utavunjika. Mwaka 1987 wakaiongezea akrilonitraili parahaidrojeni, na vilele vikajitokeza. Mbinu wakaiita PASADENA. Nduguye wa 1988 akaitwa ALTADENA, mji wa jirani. Wanafizikia nao wana utani wao. Kundi la Eisenberg likasahihisha maelezo yake mwaka huohuo wa 1987, likiwa pamoja na Joachim Bargon na Ronald Lawler, ambao wote wawili walikuwa miongoni mwa wagunduzi wa vile vituko vya radikali. Wenye jibu la zamani ndio waliosaidia kulizika.

Nikiisoma historia hii, sifa kubwa naipa metali. Kichocheo walichotumia Caltech kilikuwa cha Geoffrey Wilkinson, kilichojulikana tangu katikati ya miaka ya 1960: atomi moja ya rodiamu iliyozungukwa na fosfini tatu na klorini. Rodiamu huikamata molekuli ya haidrojeni, huikata, kisha huzikabidhi protoni zote mbili kwa molekuli moja. Neno ni hilo la zote mbili kwa moja. Juu ya kipande cha metali ngumu protoni hutangatanga na mara nyingi hupotezana, na mpangilio nao hupotea.

Kasoro ilibaki. Molekuli ilipaswa kuwa na nafasi ya kupokea haidrojeni, na ikishapokea si ileile tena.

Mwaka 2009 Simon Duckett, Gary Green na wenzao wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, waliikwepa kasoro hiyo kwa iridiamu. Metali hiyo ni kama baraza: parahaidrojeni huja ikakaa, molekuli ya piridini huja ikakaa, habari zikapita kati yao, kisha kila mmoja akaondoka alivyokuja, bila ndoa. Mtafiti hulitikisa bomba kwa mkono sekunde chache pembeni mwa sumaku, penye nguvu ya militesla chache tu, halafu hulitumbukiza upesi ndani. Mbinu hiyo inaitwa SABRE.

Piridini yenyewe hunuka vibaya, lakini umbo lake la pete limo ndani ya isoniazidi, dawa iliyoanza kutibu kifua kikuu mwaka 1952 na ambayo wagonjwa wa TB wa Afrika Mashariki huimeza hadi leo. Mwaka 2013 watafiti walieleza jinsi ya kuikuza sauti yake kwa SABRE, pamoja na ya pirazinamidi, dawa nyingine ya TB. Mwaka 2016 ikafuata metronidazole, ambayo wengi dukani huiita Flagyl: kambi moja ya viini vyake vya naitrojeni-15 iliizidi nyingine kwa zaidi ya asilimia 20. Yaani, ukilinganisha na zile protoni 32 katika milioni, zaidi ya laki mbili.

Sauti hiyo haidumu. Ya protoni hufifia kwa sekunde, ya naitrojeni huvumilia zaidi. Nayo iridiamu haifai kuingizwa kwenye mshipa wa mgonjwa, wala methanoli ambamo kazi hii hufanyika vizuri zaidi. Ndiyo maana sehemu kubwa ya jitihada sasa inahusu kuchuja: kuitoa metali, kuleta maji mahali pa methanoli, na kuifikisha dawa kwenye sumaku kabla viini havijanyamaza.