Mtoto mchanga ana macho ya njano? Usiishie kumwanika juani

Mama kajifungua salama, karudi nyumbani Vigwaza. Siku ya tatu bibi anamwangalia mjukuu: "Mbona macho ya njano?" Ushauri unaofuata tunaujua wote: mtoe nje apigwe na jua la asubuhi.

Hii ni manjano ya watoto wachanga. Siyo homa ya manjano, ile inaletwa na mbu. Huwapata zaidi ya nusu ya watoto waliotimiza miezi, na njiti ndio zaidi. Chembe nyekundu za damu zikivunjika hutoa bilirubini, yenye rangi ya njano, na ini la mtoto bado halina nguvu ya kuitoa yote. Kwa wengi hupanda siku ya 3 hadi ya 5, halafu inapungua yenyewe. Mnyonyeshe mara 8 hadi 12 kwa siku, maana bilirubini hutoka kwa choo.

Ila manjano ikionekana ndani ya saa 24 za kwanza, au ikifika viganjani na kwenye nyayo, nenda hospitali. Vilevile akigoma kunyonya, akilala kupita kiasi, akipata degedege au joto la 37.5 na kuendelea. Usingoje kukuche. Bilirubini ikizidi huingia kwenye ubongo: mtoto anaweza kufa, au akabaki na uziwi na mtindio wa ubongo.

Kwa ngozi zetu nyeusi, uso unadanganya. Angalia weupe wa macho na fizi, mchana, kwenye mwanga wa kutosha.

Hospitali humlaza mtoto uchi chini ya taa za bluu, macho yamefunikwa. Ikishindikana, hubadilishiwa damu. Jua nalo lina historia: mwaka 1956, hospitali ya Rochford, Uingereza, muuguzi Jean Ward aliona ngozi iliyopata jua imepungua njano, na taa zikatokana na hapo. Lakini jua la uani halina kipimo, linaweza kumuunguza, na siku zinapotea.

Kutoka Vigwaza, barabara ya Morogoro inakufikisha Tumbi, Kibaha, au Chalinze, ukaendelea hadi Msoga. Anzia kituo cha karibu wakupe rufaa.

Na vile vidonge vyeupe vya kufukuza wadudu kabatini, visikae na nguo za mtoto. Wapo watoto, hasa wa kiume, wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali inayopatikana zaidi kwenye maeneo ya malaria kama Pwani. Kwao, harufu yake tu inaweza kuvunja damu ghafla.