Kalamu ya Binti na Mfuko wa Baba

Tukiulizwa kwa nini zamani mtoto wa kiume alipelekwa shule na dada yake akabaki jikoni, jibu letu huwa tayari: umaskini. Baba alikuwa na ada ya mtoto mmoja tu, akamchagua wa kiume, kwa kuwa binti ni wa kwenda kwa watu. Jibu hilo lina ukweli wake. Lakini wiki hii nataka tulipime katika nyumba ambayo umaskini haukuwahi kupiga hodi.

Mwaka 1844, katika jumba la Mtoni, Unguja, alizaliwa Salme, binti wa Seyyid Said bin Sultan. Baba yake alikuwa na mashamba ya karafuu na merikebu, utajiri ambao, tusisahau, ulitokana na jasho la watumwa. Mama yake alikuwa suria wa Kicherkesi, aliyeingia nyumba ile akiwa mtumwa. Hata hivyo mtoto wa suria alizaliwa huru na alirithi, kwa hiyo hali ya mama haikumfungia binti mlango. Uliomfungia ni usichana wake. Wavulana na wasichana walikaa pamoja chuoni wakasoma Kurani, lakini ilipofika zamu ya kuandika, kalamu walipewa wavulana peke yao. Hapo hapakuwa na suala la ada. Mwalimu alikuwepo na wino ulikuwepo, na Sultani angeweza kuwalipa walimu kumi zaidi bila mfuko wake kutikisika.

Salme akajifundisha kwa siri. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, ambao siku hizo ulitumika kama kibao, akawa ananakili herufi za Msahafu mpaka mkono ukazoea.

Seyyid Said alifariki mwaka 1856. Miaka mitatu baadaye mwanawe Barghash alikula njama ya kumpindua kaka yake Majid, na aliyeandika barua za siri za njama hiyo alikuwa Salme, msichana wa miaka 15. Wakubwa walihitaji mwandishi wa kuaminika, wakampata yule yule aliyenyimwa kalamu! Njama ilishindwa. Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay, akarudi, na mwaka 1870 akakalia kiti cha usultani.

Mambo ya Salme yalikwenda vingine. Mwaka 1866 alipata mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, ikambidi atoroke kwa manowari ya Waingereza hadi Aden. Ruete alibaki Unguja miezi kadhaa akimaliza shughuli zake. Simlaumu kwa kumtupa mwenzake, maana alimfuata, wakaoana Aden mwaka 1867. Tena alikuwa mgeni mwenye konseli wa kumkingia kifua. Lakini angalieni: mji ambao haukuwa tena na usalama kwa mama mjamzito, ulimwacha baba wa mtoto aendelee na biashara. Na Salme aliporudi mwaka 1885 kudai urithi wake, Barghash alikataa katakata. Mwaka uliofuata alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani, na habari nyingi za utoto wake tunazijua kutokana na kitabu hicho.

Serikali ya Unguja ilifungua shule yake ya kwanza ya wasichana mwaka 1927, miaka 61 baada ya Salme kutoroka. Huku Bara, Waingereza walikuwa wamekwisha kufungua shule ya Tabora mwaka 1925, kwa ajili ya wana wa machifu. Nasema wana, si mabinti, ingawa machifu hao walikuwa na mali.

Sasa tuwageukie wasio na mali. Mwaka 1973 ada ya shule za msingi ilifutwa Tanzania Bara, na Novemba 1974 Azimio la Musoma likaagiza watoto wote wa umri wa shule waandikishwe kufikia mwaka 1977. Baba hakuulizwa tena amchague nani. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1980, wasichana walikuwa karibu nusu ya wanafunzi wa shule za msingi. Vijiji vilikuwa vile vile, na wazazi hawakuwa wametajirika. Kilichobadilika ni kwamba uamuzi uliondolewa sebuleni. Baada ya darasa la saba, ambako nafasi zilikuwa chache na baba alirudishiwa sauti yake, pengo kati ya kaka na dada lilijitokeza tena.

Na lile la Salme na Ruete liliendelea kutokea madarasani mwetu. Kwa miongo mingi msichana wa Bara aliyepata mimba alifukuzwa shule, na kama mhusika alikuwa mwanafunzi mwenzake, mara nyingi alibaki kwenye dawati lake. Novemba 2021 ndipo Serikali ilipotangaza kwamba msichana aliyejifungua anaweza kurudi katika shule ya kawaida. Ruhusa hiyo inamfikisha mpaka mlango wa darasa. Nani atamlea mtoto saa za masomo, na nauli itoke mfuko gani, hayo bado yanaamuliwa pale pale sebuleni.