Wiki yetu na namba saba

Watu wa Pwani walipozipa siku majina hawakubuni mengi, walihesabu tu, na sisi wa Bukoba na Muleba tukayapokea hivyo hivyo. Jumamosi ni moja, Jumapili mbili, mpaka Jumatano. Hapo hesabu inakatika. Alhamisi nayo ni "tano", ila ya Kiarabu, maana Waarabu huanzia Jumapili. Kumbe wiki yetu ina tano mbili na haina sita! Basi Alhamisi tuipe sita yake, Ijumaa iwe sifuri.

Sasa, ndugu msomaji, jumlisha. Jumanne na siku tano: tisa, toa saba, Jumapili. Kuzidisha kunakubali, na kugawanya vilevile, kwa sababu saba ni namba tasa. Wiki ingekuwa ya siku sita, mbili mara tatu ingekuwa sifuri na mambo yangevurugika. Duara la namna hii wanahisabati huliita uga wenye kikomo, ingawa wao hupanga safu ndefu za namba hizo, si moja moja. Inaniudhi kwamba mwanafunzi wa sekondari pale Kamachumu hupewa hesabu zote kwa Kiingereza, na kalenda ya Kiswahili inamwangalia ukutani.

Tuseme mama muuza dagaa wa Kemondo (wa kubuni, msimtafute) huenda gulioni siku ya 0, 1, 4, 9, 16, 25, 36. Yaani Ijumaa, Jumamosi, Jumanne, Jumapili, Jumapili tena, Jumanne, Jumamosi. Mtoza ushuru anayemvizia kwa hatua zilezile ataapa kwamba mama anakuja ovyo. Lakini tazama mapengo: 1, 3, 5, 7, 9, 11. Na mapengo ya mapengo: 2, 2, 2. Ovyo iko wapi?

Wakubwa nao walikwama hapo hapo. Mwaka 1953 Klaus Roth alionyesha, kwa hesabu za mawimbi, kwamba kundi la namba lisilo haba mno lazima liwe na ngazi ya vipandio vitatu vya hatua sawa, kama 5, 9, 13. Endre Szemerédi wa Hungaria akathibitisha ngazi za urefu wowote mwaka 1975, kwa ushahidi ulio msitu mtupu. Mawimbi yenyewe kwenye vipandio vinne yalipofuka: hayawaoni akina mama wa Kemondo. Ndipo Timothy Gowers, mwaka 1998 kwa vinne na 2001 kwa vyote, akaleta vipimo vinavyochukua tofauti, kisha tofauti ya tofauti, na kuendelea.

Kipimo kikipiga kelele, nani kajificha humo? Jibu lililotarajiwa lilikuwa polinomia, yaani kanuni kama ya yule mama. Kwenye uga wa 0 na 1 peke yake jibu hilo likavunjika mwaka 2007, mikononi mwa Green na Tao, na pia Lovett, Meshulam na Samorodnitsky. Tao na Tamar Ziegler walilisimamisha tena mwaka 2012, lakini kwa kukubali polinomia zenye robo na thumni pale zilipozoeleka nusu tu.